Kuunda na Kuongoza Timu ya Wanawake ya Mbio za Baiskeli: Mwongozo kutoka Tabora

Mtu anayetaka kuunda timu ya wanawake ya mbio za baiskeli hapa Tabora huanza, karibu mara zote, kwa kutafuta baiskeli. Huandika barua kwa wafadhili, hupiga simu Mwanza na Dar es Salaam kuulizia bei za baiskeli za mbio zilizokwishatumika, na miezi sita baadaye huwa na baiskeli nne nzuri, wasichana wanne wenye kasi, na bado hana timu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoanza mimi. Mbio za barabarani ni mchezo wa ajabu kidogo: wanaokimbia ni timu, anayeshinda ni mmoja, na kazi kubwa ya waliobaki ni kuzimaliza nguvu zao ili yeye abakiwe na zake. Mchezo wa namna hiyo hauchezeki na watu ambao hawajakubaliana mapema nani atafanyiwa kazi, nani ataifanya, na kitakachopatikana kitagawanywaje. Kwa hiyo naanza na makubaliano hayo, kisha nitashuka kwa watu wenyewe, baiskeli, mazoezi na siku ya mashindano.

Fedha kabla ya pedeli

Katika mashindano ya kwanza tuliyokwenda, katika mkoa wa jirani, waandaaji walitangaza zawadi kwa washindi watatu wa kwanza tu. Zikiwa zimebaki kilomita nne, mbele walikuwa wanawake watano, na wawili kati yao walikuwa wetu. Mmoja akachomoka. Alipata kama mita mia moja, ameinama juu ya usukani, na wapinzani watatu wakabaki wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aingie mbele kukata upepo, kwa kuwa anayefuata nyuma huokoa nguvu. Mbio zilikuwa zimekwisha, nasi ndio tulioshinda. Lakini yule wetu wa pili, aliyekuwa na ada ya mdogo wake ya kulipa, akasimama juu ya pedeli na kumfukuza mwenzake, na wapinzani wote watatu wakajibana nyuma ya gurudumu lake, wakasafirishwa bure hadi mbele. Tukamaliza wa tatu na wa tano. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho: “Mwalimu, yeye angeshinda, mimi ningerudi nyumbani na nini?”

Sikuwa na jibu, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo hakuna msichana anayevaa jezi yetu kabla ya kusoma na kutia saini karatasi moja yenye mambo yafuatayo. Fedha yote ya zawadi, iwe ya mwisho wa mbio au ya njiani, huingia katika chungu kimoja. Sehemu ya asilimia 20 hubaki katika mfuko wa timu kwa ajili ya matairi, minyororo na nauli. Kinachobaki hugawanywa sawasawa kwa wote walioanza mbio siku hiyo, hata aliyeishia njiani baada ya kufanya kazi aliyopewa, na fundi hupata fungu moja kama wao. Mshindi hubaki na kombe, medali na jina lake redioni. Wapo wanaopendekeza mshindi apewe mafungu mawili. Nimejaribu, na sipendekezi, kwa sababu fungu la pili ni dogo mno kumfurahisha anayeshinda, lakini ni kubwa vya kutosha kuwafanya wengine wahesabu.

Zawadi za vitu huleta ugomvi kuliko fedha, kwa kuwa godoro au pikipiki haigawanyiki. Andikeni mapema kwamba kitu chochote chenye thamani kitauzwa, na mshindi awe na haki ya kwanza ya kukinunua kwa kuwalipa wenzake mafungu yao. Utaratibu wa kuchangia zawadi si ubunifu wetu. Ni desturi ya zamani katika timu za kulipwa za Ulaya, ambako hata mafundi na wakandaji hupata sehemu.

Asidhani mtu kwamba tatizo la kutotazama upande mmoja ni la timu changa zenye njaa. Katika Tour de France ya wanawake ya mwaka 2024, Demi Vollering, aliyekuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza kwa jumla ya muda, alianguka katika hatua ya tano zikiwa zimebaki kilomita chache. Timu yake, iliyokuwa miongoni mwa timu tajiri kuliko zote, haikurudi nyuma kumkusanya kwa wakati. Mwenzake, Blanka Vas, ndiye aliyeshinda hatua ile, na Vollering akaingia amechelewa kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Mwisho wa mashindano yote alishindwa na Kasia Niewiadoma kwa sekunde 4. Nimewasimulia wasichana wangu habari hiyo mara nyingi, na kila mara huuliza swali lile lile: nani alipaswa kumngoja? Swali hilo lijibiwe kwenu usiku wa kabla ya mbio, kwa kumtaja mtu kwa jina.

Kuhusu usajili sitakawia. Timu inayotaka kushindana kwa jina lake inapaswa kuwa klabu yenye katiba, viongozi na orodha ya wanachama, na husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Anzia kwa Afisa Michezo wa halmashauri yako, kwa sababu barua yake ndiyo inayofungua milango mingine. Mchezo wenyewe kitaifa unasimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania, yaani CHABATA, na ni vema kujulikana kwao mapema kuliko kungoja siku ya kuomba kushiriki.

Kuwapata watu

Unyamwezini mwanamke juu ya baiskeli si habari mpya. Utawaona asubuhi wakiingia mjini kutoka vijijini wakiwa na mkungu wa ndizi au mkaa kwenye keria, na wengine wakitoka kisimani na madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, wakipanda kijimlima bila kushuka. Huyo wa madumu ndiye ninayemtafuta. Ana miguu, ana uvumilivu, na anajua kusawazisha mzigo. Asichokijua ni kuendesha akiwa sentimita 50 kutoka tairi la mwenzake, na hilo hufundishika.

Kipimo cha kwanza kiwe rahisi. Tafuta kipande cha lami kisicho na magari mengi, pima kilomita 5, na kila mmoja aende na kurudi peke yake, wakiachana kwa dakika moja mwanzoni, wote wakitumia baiskeli za aina moja kadiri iwezekanavyo. Andika muda katika daftari, kisha rudia baada ya wiki nane. Anayenivutia si lazima yule mwenye muda mzuri wa kwanza, bali aliyepunguza muda mwingi zaidi kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, kwa sababu huyo anaonyesha kwamba mwili wake unapokea mazoezi. Kipimo cha pili hakiandikwi: waendeshe watatu watatu kwa saa moja, nawe uwe nyuma kwa pikipiki, utazame nani hupunguza mwendo mwenzake anapoachwa na nani huongeza.

Chagua wanane wa kufanya mazoezi, ingawa watakaoshindana ni watano. Mimba, mitihani, msiba na kilimo vitawapunguza, na hilo halina lawama. Katika wanane hao utahitaji mmoja mwenye kasi ya mwisho, yaani anayeweza kufyatuka kwa sekunde 12 baada ya saa tatu za uchovu. Mmoja au wawili wanaoweza kukaa mbele ya kundi peke yao kwa muda mrefu. Mmoja mwenye akili ya mchezo, ambaye atakuwa nahodha hata kama si mwenye kasi. Na waliobaki wawe wabeba maji, watu wa kukata upepo na kutoa gurudumu. Nahodha ni muhimu kuliko wote. Kwetu hakuna redio za masikioni, kwa hiyo neno lake ndilo amri njiani.

Kabla ya kumchukua binti, nenda kwao. Usimtume mtu, wala usipige simu. Bibi mmoja wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, alinipa kigoda, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama baiskeli haitamharibu mjukuu wake asije akapata mtoto. Nilimwambia, “Bibi, si wewe uliyenihadithia kwamba ulibeba magunia ya karanga kwa baiskeli hadi mnadani, na watoto ukazaa saba?” Akacheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya khanga. Hofu hiyo haina msingi wowote, lakini ijibiwe kwa upole na kwa mfano wa nyumbani, si kwa hotuba.

Mimi ni mwanamume, na nililazimika kujifunza kwamba baadhi ya mambo hayanihusu kuyashughulikia peke yangu. Timu iwe na mama mlezi, mtu mzima anayeheshimika, anayesafiri nao kila safari, anayelala jengo moja nao, na anayeweza kuambiwa jambo lisiloweza kuambiwa mwalimu. Wenye umri chini ya miaka 18 wasisafiri bila idhini ya maandishi ya mzazi. Mwanamume yeyote wa timu, nikiwemo mimi, asibaki na mchezaji faraghani, asimkande, wala asimpakie kwenye pikipiki usiku. Sheria hii itangazwe hadharani mbele ya wazazi, ili anayeivunja asipate pa kujificha.

Baiskeli na fundi

Baiskeli tano za kawaida zinazofanana ni bora kuliko tano za kifahari zisizofanana. Sababu ni gurudumu. Msichana akipata pancha katikati ya mbio, mwenzake atampa gurudumu lake kwa sekunde kadhaa, lakini hilo huwezekana tu ikiwa magurudumu yote yana ukubwa mmoja, breki za aina moja na idadi ile ile ya gia nyuma. Tulipoteza mbio moja tukiwa na gurudumu zima mkononi, kwa kuwa lilikuwa na gia tisa na baiskeli ilitaka nane. Chagua mfumo mmoja ambao vipuri vyake vinapatikana sokoni kwako, na ukatae zawadi ya baiskeli inayovunja mpangilio huo. Au ipokee, uiuze.

Fremu nyingi za mitumba zinazofika huku zilitengenezwa kwa wanaume warefu. Binti mfupi akikalishwa juu ya fremu kubwa hunyoosha mikono kama anayesukuma ukuta, na jioni hulalamika shingo na mabega. Tafuta fremu ndogo kwanza, kisha rekebisha siti. Njia ya haraka ya kupata kimo cha siti ni kumkalisha, mwenzake amshike, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Akianza kuendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa. Maumivu mbele ya goti mara nyingi humaanisha siti iko chini mno. Maumivu nyuma ya goti, iko juu mno.

Siti yenyewe ndiyo iliyowafanya wasichana wengi waache mchezo kimyakimya bila kusema sababu. Mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida huwa imetengana zaidi kuliko ya wanaume, hivyo siti nyembamba ya mwanamume huwaumiza pasipostahili. Mkalishe mchezaji juu ya boksi la karatasi lililowekwa kwenye benchi, ainame kidogo, kisha pima umbali kati ya mabonde mawili yaliyobaki. Siti iwe pana zaidi ya umbali huo kwa sentimita mbili hivi. Bukta yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, ifuliwe kila baada ya mazoezi na kuanikwa juani. Anayependa kujisitiri avae suruali ya kubana au sketi fupi juu ya bukta, na hijabu nyepesi chini ya helmeti haizuii chochote ilimradi mikanda ya helmeti ikazwe upya.

Fundi asiwe mtu wa kukodi siku ya mashindano. Mtafute kati ya wale wanaokaa chini ya miembe na pampu, beseni la maji na kopo la solusheni, umpe mshahara mdogo wa kudumu. Wa kwetu alijifunza haraka kupima mnyororo kwa rula: vipingili 12 kamili vya mnyororo mpya huwa na inchi 12 barabara, na ukiona umezidi kwa milimita moja na nusu, utupe kabla haujala meno ya gia. Adui yake mkubwa ni mbigiri. Msichana akishuka pembeni ya lami kunywa maji, abebe baiskeli begani, na kabla ya kuondoka apitishe kiganja chenye glavu juu ya matairi yote mawili. Upepo usijazwe hadi tairi liwe jiwe. Kwa mchezaji wa kilo 55 mwenye tairi la milimita 28, kati ya psi 65 na 75 kwenye geji ya pampu inatosha, na baiskeli itatulia zaidi kwenye lami mbovu.

Chakula, maji na mwezi

Huhitaji vyakula vya kwenye pakiti. Mbio zinazozidi saa moja na nusu hutaka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na Tabora ina wanga wa kusafiri nao: ndizi mbivu, asali, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, vinavyokaa mfukoni mwa jezi bila kupondeka. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu kama 17 za wanga. Changanya vijiko vitatu katika chupa ya maji pamoja na chumvi kidogo, na una chakula cha saa nzima. Michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, tuiache nyumbani, kwa kuwa huhitaji kupikwa. Fundisha kula mapema, dakika ya 30, si njaa ikishaingia, na kila kitu kitakacholiwa siku ya mbio kiwe kimejaribiwa mazoezini.

Kosa linalonisumbua zaidi ni wasichana kula kidogo wakiamini wepesi ndio kasi. Mchezaji asiyeshiba kwa miezi kadhaa hupungua nguvu, huvunjika mifupa kirahisi, na hedhi yake husimama. Kila mmoja aweke kumbukumbu ya mwezi wake kwa mama mlezi. Ikipita miezi mitatu bila hedhi, aende kituo cha afya, na asirudi kwenye mazoezi makali hadi sababu ijulikane. Damu nayo ipimwe angalau mara mbili kwa mwaka, maana upungufu wa damu huwapata wanawake kwa urahisi. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani pamoja na ndimu husaidia. Chai ya kushushia chakula, tunayoipenda sana, huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, kwa hiyo isubiri saa moja baadaye.

Mazoezi kwenye nchi tambarare

Kalenda ya hapa imejipanga yenyewe. Novemba hadi Januari watu wako mashambani, mvua zinanyesha, na binti anayelima tumbaku kutwa hahitaji mazoezi makali jioni. Mpe safari mbili fupi kwa wiki ili asisahau baiskeli. Februari na Machi jengeni umbali kwa mwendo wa mazungumzo, yaani mwendo ambao mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kuanzia Mei, kiangazi kikikaa, ongezeni ukali. Katika wiki tatu mzigo hupanda kidogo kidogo, na wiki ya nne hushushwa hadi nusu. Wiki ya kawaida ya kiangazi ina siku mbili ngumu tu: moja ya vipande vitano vya dakika 4 kwa nguvu vikitenganishwa na dakika 4 za polepole, na nyingine ya kupokezana upepo. Safari ndefu iwe Jumamosi, kwa sababu Ijumaa wengine wana sala na Jumapili wengine wana misa, na timu inayowachagulisha watu kati ya baiskeli na ibada haidumu.

Msipange kuanza saa kumi na mbili alfajiri kwa kuiga ratiba za pwani. Tuko magharibi, na mwezi wa Juni au Julai jua huchomoza karibu na saa moja. Saa kumi na mbili bado ni giza na malori hayakuoni. Anzeni saa moja, mkiwa na pikipiki nyuma yenye bendera nyekundu, na wajulisheni askari wa usalama barabarani siku moja kabla.

Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, jambo ambalo ni zuri kwa mapafu, lakini ni tambarare kiasi cha kuchosha macho. Ukitaka milima, panda Reli ya Kati hadi Kigoma, ukakae wiki moja na kupanda kutoka ziwani kuelekea nyanda za Kasulu. Kigali, palipofanyika mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kabisa katika bara la Afrika, pana milima mikali zaidi. Hata hivyo sioni haya kuunda timu ya watu wa tambarare. Tambarare ina upepo, na upepo hupasua kundi kuliko mlima, ilimradi timu ijue kuutumia.

Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Ukielekea Sikonge, kama kilomita 70 kusini mwa mji, unakupiga kutoka kushoto mbele. Mtu akifuata moja kwa moja nyuma ya mwenzake hapo, hapati kivuli, yaani kinga ya upepo. Kivuli kimehamia kulia. Kwa hiyo wa kwanza akae karibu na ukingo wa kushoto wa lami, wa pili awe nyuma yake upande wa kulia, gurudumu lake la mbele likiwa sambamba na la nyuma la mwenzake, na wa tatu na wa nne vivyo hivyo, hadi mstari wa mshazari ufike karibu na katikati ya barabara. Hapo nafasi imekwisha. Wa tano asilazimishe kujibana. Aanzishe mshazari wa pili nyuma. Aliyemaliza zamu hujiondoa kuelekea upande unakotoka upepo, hupunguza mwendo kidogo, huachwa apite nyuma ya wote, kisha hupanda tena polepole upande wa kivuli. Zamu iwe ya sekunde 15 hadi 20, na anayeingia mbele asiongeze mwendo hata kidogo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote: kila msichana akiona mbele pako wazi hutaka kuonyesha, na mstari hukatika. Nilitatua kwa kumfungia nahodha kengele ya baiskeli ya Phoenix. Kengele ikilia, aliyeko mbele amezidisha.

Anayekaa vizuri nyuma ya gurudumu huokoa karibu robo hadi theluthi ya nguvu zake, kulingana na mwendo na umbali anaoacha. Wasichana hawakuniamini kwa maneno. Niliwapeleka barabara ya Urambo, ambako kurudi mjini ni kuukabili upepo, nikawaacha warudi mmoja mmoja, kisha siku nyingine wote kwa pamoja, kwa muda ule ule. Waliporudi kwa pamoja walikuwa wakizungumza.

Siku ya mashindano

Kikao kifanyike jioni ya jana yake na kisizidi nusu saa. Chora njia mchangani kwa kijiti: wapi lami ni mbovu, wapi kuna kona, upepo utatoka wapi kila kipande, mita 500 za mwisho zikoje. Kisha kila mchezaji aondoke na sentensi moja tu. “Wewe usiruhusu mtu aondoke peke yake kabla ya kilomita 40.” “Wewe ukae na maji ya ziada, umpatie mwenye kasi kila dakika 20.” “Wewe, akipata pancha, simama umpe gurudumu, usimwangalie mtu mwingine.” Mpe nahodha mpango wa pili, na uhuru wa kuutumia bila kukuuliza.

Wakumbushe sheria. Wa timu moja wanaweza kupeana gurudumu au baiskeli na kumngoja aliyeachwa. Wa timu nyingine anaweza kupewa vitu vidogo kama maji au spana, basi. Kumsukuma mchezaji hakuruhusiwi, hata awe wenu. Katika kasi ya mwisho mtu haruhusiwi kuacha mstari wake na kumziba mwingine. Ukiona dhuluma, andika rufaa kwa kamisaa, yaani mwamuzi wa mbio, kwa heshima. Sijawahi kuona kelele za kocha zikibadilisha matokeo, ingawa nimewahi kuzipiga.

Ndani ya mbio yenyewe, fundisha swali moja la kujiuliza kila kundi linapopasuka: je, tuna mtu mbele? Kama tuna mtu mbele, hakuna wa kwetu anayekata upepo huku nyuma. Kazi ni kukaa karibu na wanaofukuza na kuwapumzikia mgongoni. Kama hatuna mtu mbele, wawili wa upepo waanze kazi mara moja, kabla mwanya haujazidi sekunde 30. Kigali, katika mbio za wanawake za kilomita 164.6, waliopewa nafasi kubwa walitazamana wakingojana, na ushindi ukachukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtaja kabla. Timu changa hushinda kwa mlango huo kuliko kwa kasi ya miguu. Mchezaji wako akiwa katika kundi dogo la mbele na waliobaki nyuma ni wakubwa wenye majina, asiogope kufanya kazi.

Katika kilomita ya mwisho, aliyebaki na nguvu kidogo amchukue mwenye kasi nyuma ya gurudumu lake na kuongeza mwendo hadi zibaki mita 200, kisha ajiondoe upande mmoja waliokubaliana. Sisi hujiondoa kushoto, daima. Upepo ukiwa wa mbele, mwenye kasi angoje hadi mita 150.

Baada ya mbio kila mmoja anywe na kuvaa nguo kavu kabla ya picha. Fedha huhesabiwa siku hiyo hiyo, jua halijazama, mbele ya wote, na mama mlezi ndiye anayeshika daftari. Kila msichana huhesabu fungu lake mwenyewe na kutia saini mbele ya jina lake, aliyeshinda akitia saini mwisho. Jumatatu hakuna mazoezi, ila saa kumi jioni baiskeli zote tano hufika chini ya mwembe wa fundi, kila mchezaji huosha mnyororo wake kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, na wakati wakiosha, nahodha husimulia mbio kuanzia kilomita ya kwanza huku wengine wakimsahihisha.